Deni Lisilozeeka

Wahenga walisema kuwa dawa ya deni ni kulipa, na hapana mtu mwadilifu awezaye kuwabisha. Lakini usemi huo, pamoja na ukweli wake, umeacha swali moja bila jibu. Hausemi dawa hiyo yapasa kunywewa lini, wala hausemi kama mwia, yaani yule anayedai, aweza kukaa kimya miaka ishirini au thelathini, kisha akaamka siku moja na kumshika mdeni wake kana kwamba fedha ilikopwa jana. Swali hili limewashughulisha watunga sheria tangu zamani za kale. Katika insha hii nataka kulieleza kwa mfano wa deni la aina moja, nalo ni deni la mkopo wa masomo katika nchi ya Marekani. Kwa kuwa huko swali hilo lilijibiwa kwa namna moja, kisha likajibiwa kwa namna nyingine iliyo kinyume kabisa na ile ya kwanza. Wanafunzi wa shule za sekondari wana sababu ya kulifuata jambo hili kwa makini. Wengi wao wataweka sahihi katika karatasi ya mkopo wakiwa bado vijana wadogo, na karatasi hiyo huenda ikadumu kuliko nyumba watakazojenga, na pengine kuliko nguvu zao za kufanya kazi.

Tuanze mbali kidogo. Watu wa Athens, katika karne ya nne K.K., walikuwa na sheria iliyompa mwia miaka 5 ya kupeleka madai yake mbele ya baraza. Demosthenes, msemaji mashuhuri wa mji huo, aliitegemea sheria hiyo katika hotuba aliyoiandika kumtetea mwenye benki mmoja, ambaye alishitakiwa kwa mambo yaliyokwisha kupita zamani. Dola la Rumi nalo, mwaka 424 B.K., chini ya Kaisari Theodosius wa Pili, liliweka kikomo cha miaka 30 kwa madai yaliyokuwa hayana kikomo. Torati ilikwenda mbali zaidi. Katika Kumbukumbu la Torati imeamriwa kuwa kila mwisho wa miaka saba mwia amwachilie jirani yake deni lake. Amri hiyo ilikuwa ya huruma, lakini huruma hiyo ilizaa tatizo: mwaka wa saba ulipokaribia, wenye mali walifumba mikono yao wasikopeshe. Kwa sababu hiyo Hilleli, mwalimu mkuu wa Wayahudi aliyeishi karibu na wakati wa kuzaliwa kwa Kristo, aliweka hati maalumu iliyomwezesha mwia kudai mali yake hata baada ya mwaka huo. Habari hii yafundisha pande zote mbili. Deni lisilo na mwisho humwonea mdeni, na deni lenye mwisho wa karibu mno humfukuza mkopeshaji, na akifukuzwa mkopeshaji, anayeumia ni maskini.

Sheria iliyo mama wa sheria nyingi za namna hii katika nchi zilizotawaliwa na Waingereza ilitungwa mwaka 1623, katika enzi ya Mfalme James wa Kwanza. Iliagiza kuwa mwenye kudai deni la mapatano ya kawaida afungue mashitaka ndani ya miaka 6. Miaka hiyo ikipita, mdeni ana haki ya kumjibu mbele ya hakimu kuwa amechelewa, na shauri likaishia hapo.

Sababu za kuweka kikomo kama hicho ni tatu. Ya kwanza ni ushahidi. Miaka ikipita mashahidi hufa, stakabadhi hupotea, na kumbukumbu za wanadamu hufifia. Mtu aliyelipa deni lake kwa uaminifu miaka ishirini iliyopita aweza kushindwa kuthibitisha kuwa alilipa. Ya pili ni amani. Mwanadamu hawezi kuoa, kujenga, kulea watoto na kupanga maisha yake huku jambo la ujana wake limening'inia juu ya kichwa chake siku zote. Ya tatu ni bidii ya mwia. Mtu anayejua kuwa mlango utafungwa hufanya haraka kuingia, bali anayejua kuwa mlango haufungwi kamwe hulala, huku riba ikiongezeka usiku na mchana.

Lakini msomaji asije akafahamu kuwa kupita kwa miaka huligeuza deni kuwa si deni. Katika sheria ya Kiingereza kinachokufa ni haki ya kushitaki, si wajibu wenyewe. Mdeni akilipa sehemu ya deni la zamani, au akikiri kwa maandishi kuwa bado anadaiwa, hesabu ya miaka huanza upya. Dola la Uturuki nalo, katika sheria zake zilizokusanywa kati ya mwaka 1869 na 1876 zikaitwa Mejelle, liliwakataza makadhi kusikiliza madai ya deni yaliyokwisha timiza miaka 15, lakini likatamka papo hapo kuwa haki haipotei kwa kupita kwa muda. Mambo hayo mawili hayapingani. Baraza la kadhi lina mlango, na mlango waweza kufungwa. Dhamiri haina mlango. Ukomo wa muda ni sheria inayoufunga mlango wa baraza, na hausemi neno juu ya dhamiri.

Ilikuwako, hata hivyo, nafsi moja ambayo haikufungwa na sheria hizi, nayo ni mfalme. Wanasheria wa Uingereza walikuwa na kanuni ya Kilatini yenye maana kuwa hapana muda unaopita dhidi ya mfalme. Walisema kuwa mfalme ana shughuli za nchi nzima, hawezi kukumbuka kila anachodai, na si haki mali ya wote ipotee kwa uvivu wa karani mmoja. Mwaka 1769 Bunge la Uingereza liliipunguza kanuni hiyo kwa kumwekea mfalme kikomo cha miaka 60 katika madai ya ardhi. Marekani ilipojitangazia uhuru mwaka 1776 ilimkataa mfalme, lakini haikuikataa kanuni yake. Mwaka 1821 Jaji Joseph Story alieleza kuwa serikali ya watu nayo haifungwi na ukomo wa muda isipokuwa sheria imesema hivyo waziwazi, ili mali ya umma isidhurike kwa uzembe wa watumishi wake. Basi kiti alichoondolewa mfalme kilikaliwa na Hazina ya Taifa.

Hali hiyo iliendelea hata tarehe 18 Julai 1966. Siku hiyo ilitiwa sahihi sheria iliyoifunga serikali ya Marekani kwa kamba ile ile iliyowafunga raia wake: madai yake ya fedha yatokanayo na mkataba yatapelekwa mahakamani ndani ya miaka 6, au hayatapelekwa. Ilikuwa hatua kubwa ya usawa, maana kwa mara ya kwanza dola lenye nguvu nyingi lilikubali kuhesabiwa miaka kama muuza duka.

Wakati huo jambo jipya lilikuwa limekwisha zaliwa. Tarehe 4 Oktoba 1957 Muungano wa Kisovieti ulirusha Sputnik, chombo cha kwanza kilichoundwa na binadamu kuizunguka dunia. Wamarekani walishituka, wakaona kuwa wamepitwa katika elimu ya sayansi. Mwaka uliofuata, tarehe 2 Septemba 1958, Rais Dwight Eisenhower alitia sahihi sheria ya elimu kwa ajili ya ulinzi wa taifa, na ndani yake ulikuwamo mfuko wa kuwakopesha wanafunzi wa vyuo vikuu. Mwanafunzi aliweza kukopa hadi dola 1,000 kwa mwaka, na jumla isizidi dola 5,000, kwa riba ya asilimia 3. Alianza kulipa mwaka mmoja baada ya kuacha masomo, akapewa miaka 10 ya kumaliza. Aliyekwenda kufundisha katika shule za umma alisamehewa sehemu ya deni kila mwaka, hata kufikia nusu yake. Kisha tarehe 8 Novemba 1965 Rais Lyndon Johnson alisafiri mpaka San Marcos katika jimbo la Texas, kwenye chuo alichosomea mwenyewe kabla ya kuwa mwalimu, akatia sahihi hapo sheria ya elimu ya juu. Kwa sheria hiyo mikopo ya mabenki kwa wanafunzi iliwekewa dhamana: mwanafunzi akishindwa kulipa, mwenye benki hapati hasara, na deni hatimaye huweza kuifikia serikali.

Mikopo ilienea, na vijana wengi wa jamaa maskini walipata elimu ambayo wazazi wao hawakuiota. Lakini penye wakopaji wengi hapakosi wasiolipa. Baadhi yao hawakupata kazi, baadhi waliugua, baadhi waliacha masomo katikati wakabaki na deni bila shahada, na wengine, tusifiche, waliona kuwa serikali iko mbali wakakaa kimya. Ulizuka pia uvumi kuwa wahitimu wanajitangaza kuwa wamefilisika makusudi, waanze maisha bila mzigo. Bunge la Marekani likaanza kuifunga milango mmoja baada ya mwingine. Mwaka 1976 lilikataza deni la masomo lisifutwe kwa kufilisika mpaka ipite miaka 5 tangu siku ya kuanza kulipa, isipokuwa kwa dhiki isiyo ya kawaida. Mwaka 1990 miaka 5 ikawa 7. Mwaka 1998 hesabu ya miaka iliondolewa kabisa, ikabaki dhiki peke yake.

Mlango uliokuwa mkubwa kuliko yote ulifungwa tarehe 9 Aprili 1991. Sheria ya siku hiyo iliondoa kila kikomo cha muda katika kudai mikopo ya masomo iliyotolewa au kudhaminiwa na serikali. Kushitaki mahakamani, kutekeleza hukumu ya zamani, kukata mshahara, kuzuia marejesho ya kodi, yote yaliruhusiwa bila kuuliza ni miaka mingapi imepita. Tena sheria hiyo haikutazama mbele tu, ilitazama na nyuma. Watu ambao miaka yao 6 ilikwisha kamilika, na ambao kwa sheria ya jana walikuwa wamesalimika, waliamka wakakuta madeni yao yamefufuka. Baadhi yao walilalamika mahakamani kuwa hilo ni kinyume cha katiba, lakini hawakufanikiwa, kwa kuwa Mahakama ya Juu ilikuwa imekwisha amua tangu mwaka 1885 kuwa bunge laweza kulirudishia uhai deni lililofungiwa na muda. Serikali iliyojifunga kamba mwaka 1966 ilijifungua baada ya miaka 25, na ilijifungua kwa wanafunzi.

Matokeo yake yalionekana wazi katika shauri lililoamuliwa na Mahakama ya Juu ya Marekani tarehe 7 Desemba 2005. Mtu mmoja alikopa fedha za masomo kati ya mwaka 1984 na 1989, asizilipe. Alipokuwa akiishi kwa malipo ya hifadhi ya jamii, serikali ilianza kuyakata ili ijilipe. Mtu huyo alisema kuwa deni lake limepita miaka 10, na kuwa iko sheria iliyozuia makato ya namna hiyo kwa deni lenye umri huo. Majaji wote kwa kauli moja walimkatalia. Jaji Sandra Day O'Connor, aliyeandika hukumu, alieleza kuwa sheria ya 1991 iliondoa kikomo cha miaka 10 kwa mikopo ya masomo, na sheria ya 1996 iliondoa ngao iliyokuwa ikiyalinda malipo hayo. Hata kama bunge halikuwaza mambo hayo mawili yatakutana katika mfuko wa mtu mmoja, maneno ya sheria ndiyo yanayotawala. Mwaka 2008 kikomo hicho cha miaka 10 kiliondolewa hata kwa madeni mengine ya serikali yasiyo ya kodi. Jambo lililoanza kama kanuni maalumu ya wanafunzi likawa kanuni ya wote.

Si haki kusema kuwa waliotunga sheria ya 1991 hawakuwa na hoja. Fedha inayorudi ndiyo inayomkopesha mwanafunzi anayekuja, na anayekataa kulipa huku ana uwezo humnyang'anya mdogo wake nafasi aliyopewa yeye. Tena mkopo wa masomo haufanani na mkopo wa gari. Gari laweza kuchukuliwa na kuuzwa, lakini elimu haiwezi kuchukuliwa kichwani mwa mtu. Pia sheria za Marekani hazikukosa huruma kabisa. Deni hufutwa kwa kifo au kwa ulemavu wa kudumu, na sheria ya mwaka 2007 iliwaahidi msamaha wale wanaolipa kwa miaka 10 huku wakiutumikia umma.

Pamoja na hayo, ukizipima zile sababu tatu za ukomo wa muda, hutaona hata moja iliyokoma kuwa kweli kwa sababu anayedai ni serikali. Mashahidi wa serikali hufa kama mashahidi wengine, na majalada yake hupotea. Deni lililohama kutoka benki kwenda kwa mdhamini, na kutoka kwa mdhamini kwenda wizarani, huzeeka katika kila safari. Amani ya mdeni huhitajiwa zaidi, si kidogo, anapokabiliana na mwia awezaye kumkata mshahara bila kwenda kwanza kwa hakimu. Na bidii ndiyo inayopungua kabisa. Jaji Story alisema kuwa umma usiadhibiwe kwa uzembe wa watumishi wake. Lakini sheria isiyo na kikomo humwadhibu mdeni kwa uzembe huo huo, kwa kuwa kila mwaka karani anaolala ni mwaka mwingine wa riba. Ajabu ni kuwa benki ya kawaida ya Marekani inayomkopesha mwanafunzi bila dhamana ya serikali bado inahesabiwa miaka na sheria za majimbo, mara nyingi kati ya 3 na 10. Mwenye nguvu kidogo ana kikomo, na mwenye nguvu nyingi hana.

Iko njia ya katikati, na Uingereza imeifuata. Huko mwanafunzi hulipa kwa kadiri ya mapato yake, na kinachobaki hufutwa baada ya muda uliotajwa tangu mwanzo. Waliojiunga na vyuo England kuanzia mwaka 2006 waliwekewa miaka 25, wa kuanzia 2012 miaka 30, na wa kuanzia 2023 miaka 40. Mtu aweza kusema kuwa miaka 40 ni mingi, naye atakuwa amesema kweli. Lakini arobaini ni hesabu, nayo ina mwisho.

Sisi wa Kenya hatuko nje ya hadithi hii. Sheria yetu ya ukomo wa kufungua mashitaka, iliyotungwa mwaka 1968, ni mjukuu wa ile ya Mfalme James, na imeweka miaka ile ile 6 kwa madai ya mkataba. Mikopo ya serikali kwa wanafunzi ilianza mwaka 1952 kwa waliokwenda kusoma nje ya Afrika Mashariki, ikaenezwa kwa wanafunzi wa chuo kikuu cha nyumbani katika mwaka wa masomo 1974/75. Kwa muda mrefu fedha nyingi hazikurudi, maana watu waliidhania kuwa zawadi, na hapakuwa na sheria imara ya kuidai. Mwaka 1995 iliundwa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, ikapewa mamlaka ya kudai kwa mdeni na kwa mwajiri wake. Mwaka 2022 Mahakama Kuu ilisikiliza malalamiko ya wakopaji ambao madeni yao yalikuwa yameongezeka kupita kiasi, ikaamua kuwa Bodi nayo hufungwa na kanuni isemayo kuwa riba na faini zisizidi deni la asili lililobaki. Kanuni hiyo haihesabu miaka, huhesabu fedha. Lakini inakwenda njia moja na ukomo wa muda, kwa kuwa yasema kuwa deni hata likizeeka lisinenepe bila mpaka.

Basi historia hii yatufundisha mambo mawili ambayo yapasa kushikwa pamoja, wala lisiachwe moja kwa ajili ya jingine. La kwanza ni la mdeni: ukomo wa muda haukuwekwa uwe kichaka cha kujificha, na aliyesomeshwa kwa fedha ya wenzake hana hoja mbele ya dhamiri yake kwa kuwa tu mlango wa mahakama umefungwa. La pili ni la mwia: uwezo wa kudai ni nguvu, na kila nguvu katika nchi ya watu huru yapasa kuwa na mpaka unaojulikana mapema. Marekani iliujua mpaka huo mwaka 1966, ikauondoa mwaka 1991, na watu zaidi ya milioni 40 wenye madeni hayo wanaishi chini ya uamuzi wa pili.

Kwa msomaji kijana ambaye kesho ataombwa sahihi yake, yapo mambo machache ya kutenda. Aulize kabla ya kutia sahihi ni nani atakayemdai, kwa riba gani, kuanzia lini, na hata lini. Alipe mapema akiwa na uwezo, na aandike barua mapema akiwa hana. Na kila stakabadhi aitunze hata baada ya kumaliza kulipa, kwa kuwa mali bila daftari hupotea bila habari, na deni lisilozeeka huhitaji daftari lisilochakaa.